Mikono Aliyoikataa Shangazi Enesi

Juzi nimehamia chumba changu cha kwanza cha kupanga. Bafuni nikakuta kipande cha sabuni ya mche alichoacha mpangaji aliyenitangulia, kimekauka na kupasuka. Nilikilowesha tu, nikakisugua kiganjani, harufu ikanipanda puani, na papo hapo nikawa nimesimama uani kwa Shangazi Enesi, Njombe, ukungu umeshuka mpaka kwenye bati, vidole vinauma kwa baridi, na sauti nyuma yangu inasema, "Bado. Katikati ya vidole hujafika." Nikakitupa jalalani. Mwenye nyumba alinishangaa, nikamwambia sabuni ile inaniwasha.

Kama na wewe ulikuwa shule ya msingi shule zilipofungwa, hebu tusidanganyane: tulishangilia. Mwalimu mkuu alitusimamisha mstarini, akasema kuna ugonjwa umeingia nchini, kila mtu aende kwao mpaka itakapotangazwa. Alikuwa amevaa kitambaa mdomoni, kwa hiyo hatukuona kama ana huzuni au la. Sisi tulisikia neno moja tu, likizo. Tulitoka getini tunasukumana, tunakumbatiana, tunapeana mikono ya kuagana kama wazee waliotoka kikaoni. Nilikuwa darasa la sita, na nilijiona nimekua.

Kwetu ni Makambako, pale barabara ya Songea inapoikuta barabara kuu ya kwenda Tunduma, malori yanalala na kuamka. Baba yangu alikuwa fundi wa matairi kwenye maegesho yao. Hakuna dereva aliyepita bila kumjua Lameki. Alikuwa mtu wa watu, jamani, mtu wa watu mpaka inaudhi. Ukitumwa naye dukani mnarudi jua limezama, maana kila hatua ana rafiki. Na kwetu salamu si ya mdomo peke yake. Unatoa mkono wa kulia, wa kushoto unashika kiwiko chako, unainama kidogo, "Kamwene," naye anaitika, na mkono hauachiwi mpaka mmemaliza habari za watoto, za mvua na za mahindi. Baba alikuwa haachii hata hapo. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi na joto lake lilibaki kiganjani mwako.

Watu walipoanza kuongea habari za korona, yeye alicheka. "Hiyo ni ya watu wa ndege," alisema, "mimi napanda baiskeli." Wenzake pale maegesho walicheka, na walivyocheka ndivyo na yeye alivyozidi kuamini. Baba ndivyo alivyokuwa: kile wenzake walichokiona ndicho na yeye alichokiona. Sikumlaumu wakati ule na leo pia simlaumu. Mtu anayependa watu kiasi kile hawezi kuwaza peke yake.

Mama alikuwa ametoka kujifungua mdogo wangu wa mwisho. Bibi mzaa mama akapiga simu kutoka Wanging'ombe, akafoka kwamba mtoto mchanga hakai mahali malori ya nchi zote yanapokoholea, na Mama akafunga mizigo. Mimi nikaambiwa niende Njombe kwa Shangazi Enesi. Nililia. Si kwa sababu ya kuachana na Mama, bali kwa sababu ya Shangazi mwenyewe.

Shangazi Enesi ni dada mkubwa wa Baba. Fundi cherehani, hana mume, hana mtoto, anakaa peke yake kwenye mteremko nje kidogo ya mji, nyuma ya nyumba misonobari, mbele bonde. Kabla ya ugonjwa alikuwa kichekesho cha ukoo mzima. Alikuwa na kikombe chake, akisafiri anasafiri nacho. Akifunga mlango anaurudia kuusukuma, anaondoka, anarudi kuusukuma tena. Baba alikuwa akisema, "Dada yangu akipewa yai anauliza kwanza jina la kuku." Kwenye sherehe alikaa karibu na mlango. Hakuna aliyewahi kumwona akicheka meno yakaonekana. Alikuwa mwoga, basi, na hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kumwita vingine.

Siku niliyofika nilimkimbilia. Akarudi nyuma. "Simama hapo hapo, Eliza," akasema, na mkono ameuinua kana kwamba anazuia ng'ombe. Akaweka ndoo chini kati yetu, na ile sabuni juu ya tofali, akaanza kunielekeza kwa mbali. Nilinawa mikono, nikanawa uso, nikavua viatu, nikavua sweta. Nguo zangu alizibeba kwa kijiti akazitumbukiza kwenye maji ya moto. Hakunigusa. Nililala usiku huo nikimsikia anausukuma mlango, kimya, halafu anausukuma tena.

Ukungu wa Njombe mnaujua. Kipindi kile ulikuwa haunyanyuki mpaka saa nne, siku nyingine haunyanyuki kabisa. Ndani ya ukungu huo cherehani ya Shangazi ilikuwa inalia tangu asubuhi. Alikuwa anashona barakoa, na kitambaa alichokuwa nacho cha kutosha ni bitana nyeusi ya kushonea makoti ya wanaume. Alizifua zote kabla hazijavaliwa, akazianika kwenye kamba ya uani. Mwenzangu, asubuhi ya kwanza nilipofungua mlango nikaona mstari mzima wa midomo myeusi inaning'inia hewani, haina nyuso, inatikisika kidogo kidogo, nilirudi ndani nikajifunika blanketi. Shangazi aliniletea chai, akaiweka mlangoni, akaondoka.

Kwake hodi haikuitikiwa "Karibu." Mtu akibisha getini, Shangazi alisimama nyuma ya pazia na kuuliza, "Nani? Sema hapo hapo." Ndivyo alivyokuja Mzee Mgaya, jirani wa bondeni, mstaafu mwenye fimbo na heshima zake, kuchukua suruali aliyoipeleka kupunguzwa. Alikuwa ametoka msibani, bado ana vumbi la makaburini kwenye viatu. Shangazi alitoka na barakoa yake nyeusi, akamtundikia suruali juu ya geti. Mzee akanyoosha mkono.

"Kamwene, Enesi."

"Shikamoo, Mzee."

Mkono ulibaki hewani. Shangazi aliifunga mikono yake nyuma. Mzee Mgaya alisubiri, maana kwa umri wake hakuwahi kuona mkono wake unabaki bila mtu. "Enesi, unaninyima mkono? Mimi niliyekuona unatambaa?"

"Nisamehe, Mzee. Mkono sitoi."

Mzee aliutazama mkono wake, pande zote mbili, kana kwamba anatafuta ubaya wake uko wapi. Kisha akauweka mfukoni taratibu, akaingia kwenye ukungu. Nilisikia fimbo yake kwa muda mrefu baada ya yeye mwenyewe kupotea. Wiki haikuisha, kengele ya kanisani ikagongwa ile ya polepole, na Mama Rehema wa jirani akapita akilia kwa sauti kwamba Mzee Mgaya ametutoka, nimonia.

Shangazi hakwenda msibani. Alikaa kwenye cherehani, akaacha kushona, akaweka mikono mapajani. Kwetu Wabena mtu anaweza kukosa harusi ya mwanawe akasamehewa. Msiba wa jirani hukosi. Nilimwona Mama Rehema akisimama getini kwetu kwa muda, hasemi hodi, anaitazama tu nyumba.

Halafu akaja Mwalimu Sanga, aliyefundisha kwaya. Alikuja kuomba barakoa za wanakwaya, mchangamfu, anaimba kabla hajafika. Akanyoosha mkono, akanyimwa, akacheka, akasema, "Dada Enesi umezidi sasa." Baada ya siku chache tukasikia amelazwa, hapumui vizuri. Yeye alipona, lakini mimi wakati ule sikujua kama angepona. Nilichojua ni kwamba nimeona mkono wa pili unabaki hewani pale pale, na mwenye mkono ameanguka.

Nilikuwa mtoto, na mtoto akipata kamba mbili anazifunga. Nikaona wazi kabisa: Shangazi akikunyima mkono, unakufa. Leo najua kwamba alikuwa anawanyima wote, mama muuza maziwa, kijana wa kuni, mchungaji, watu chungu nzima ambao mpaka leo wanatembea Njombe wakiwa wazima. Hao sikuwahesabu. Nilihesabu walioanguka tu. Na sikuwa peke yangu, kwani watu wazima nao walihesabu hivyo hivyo.

Bombani Mama Rehema alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi yako huwa anaongea peke yake?"

Nilisema ndiyo, maana ni kweli, alikuwa anajikumbusha mambo.

"Anasemaje?"

"Sisikii vizuri."

Akawatazama wenzake. "Asiyekwenda msibani, msiba anaujua," akasema. Mwingine akadakia, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Wakanisogezea ndoo yangu nijaze kwanza, niondoke, na hakuna aliyenigusa kichwani kama walivyozoea. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naisikia misonobari inavuma juu yangu na sikuthubutu kutazama nyuma.

Asubuhi moja nikatoka kupiga mswaki. Ukungu ulikuwa mzito, geti halionekani, ila juu ya geti kulikuwa na mkono. Mkono mtupu, vidole vitano, umenyooshwa kuelekea nyumbani. Hauna mtu. Nilijua ni wa Mzee Mgaya, umerudi kudai salamu yake. Nilisimama pale mpaka jua likapenya kidogo nikaona ni glovu ya mpira ya njano anayofulia Shangazi, ameiosha na kuivisha kwenye nguzo ya geti ikauke. Hee! Nilicheka mwenyewe kwa sauti. Lakini hofu haikutoka, ilihamia kwangu mimi mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tangu nifike, Shangazi hajawahi kunishika mkono hata mara moja.

Basi Baba akaja. Alipata lifti ya lori la mbao, akaja na sukari, na mkate, na kicheko chake nilichokisikia kabla lori halijasimama. Alikuwa amekonda kidogo. Alikohoa akisema ni vumbi la breki. Alisimama getini, akanifinyia jicho, akamnyooshea dada yake mkono juu ya geti, mkono wake mweusi wa grisi.

"Dada, kamwene! Njoo bwana, korona imeshakwisha, wenzangu wote wamesema."

Shangazi aliweka mikono nyuma.

Nilikimbia kutoka kibarazani, nikashika gauni lake. "Shangazi, mpe! Mpe mkono, nakuomba! Mpe!" Nililia kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena maishani. Baba alidhani naona aibu kwa niaba yake, akasema, "Acha, mama, acha, ni mzaha tu." Shangazi alinitazama juu ya ile barakoa. Macho yake yalijaa maji. Lakini mikono haikutoka nyuma.

"Lameki, hicho kikohozi ni cha lini?"

"Dada, na wewe!"

"Nenda hospitali. Usikae ndani na watu. Nenda leo."

Aliteremsha mkono. Aliweka sukari na mkate chini, akavuka barabara, akakaa upande wa pili kusubiri gari, na kila nilipopunga yeye alipunga. Nilimtazama kama mtu anayetazamwa kwa mara ya mwisho. Shangazi aliufuta mfuko wa sukari kwa maji ya sabuni.

Simu haikukawia. Ilikuwa ni Mama Zawadi, jirani yetu wa Makambako, mpangaji wa chumba cha pili. Simu ya Shangazi ilikuwa na sauti kubwa, nilisikia kila neno. Fundi yuko kitandani. Anahema kama aliyepanda mlima. Hospitali hataki, anasema wanaoingia huko hawatoki. Wenzake? Wanamwachia uji mlangoni wanakimbia. Mama Eliza amezuiwa na wazazi wake asije na kichanga. "Njooni mtu yeyote," alisema Mama Zawadi, "mimi nina watoto."

Shangazi alikaa kwenye kiti cha cherehani. Miguu ilikuwa inatetemeka mpaka kanyagio la cherehani likawa linacheza lenyewe, sindano inapanda na kushuka bila kitambaa. Nilikuwa na hakika moja tu, Baba anakufa, na aliyemuua ni huyu hapa mbele yangu, na mimi nakula ugali wake. Akainuka ghafla, akatoka nje, nikamsikia anatapika nyuma ya choo. Aliporudi alikuwa amefunga kitambaa kichwani. "Chukua ndoo," akaniambia. "Tunakwenda."

Kwanza alipita zahanati. Aliongea na muuguzi kupitia dirishani kwa muda mrefu, akirudia kila alichoambiwa. Basi la abiria hakutaka kupanda, anaogopa kufungiwa na pumzi za watu. Tulipanda Fuso la viazi, juu ya magunia, kwenye upepo, yeye na ndoo yake, sabuni yake, furushi la majani ya mkaratusi, na barakoa yake. Baridi ilitukata. Kwa mara ya kwanza alinifunika kwa nusu ya shuka lake, lakini uso wake aliuelekeza upande mwingine, na midomo yake ilikuwa inatembea chini ya kile kitambaa cheusi bila kutoa sauti. Nilijibana kwenye magunia nikamwomba Mungu ya kwangu.

Nje ya nyumba yetu wenzake Baba walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara. Wale wale waliosema ni ya watu wa ndege. Mmoja aliita, "Fundi, pole! Tuko pamoja!" Hakuna aliyevuka. Siwasemi kwa ubaya, walikuwa watu wema na walimpenda, ila hawakuwahi kujifunza kuogopa, na hofu ilipowafika ilikuwa mpya kwao, ikawabeba miguu. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Hawakusema mwoga afanye nini kilio kikiwa kwa ndugu yake.

Shangazi alisimama mlangoni. Alisimama sana. Nilikuwa nyuma yake na sasa nikasikia anachosema, maneno yale yale, tena na tena: "Madirisha. Maji. Kifudifudi. Madirisha. Maji. Kifudifudi." Mama Zawadi naye alisikia, akanivuta nyuma. Halafu Shangazi akashusha pumzi na kuingia, mwoga wa ukoo wetu, akaingia.

Mimi nilipelekwa kulala kwa Mama Zawadi. Niliruhusiwa kusimama uani tu, mbali na dirisha, na dirisha lilikuwa wazi mchana kutwa pamoja na baridi yote ile. Ndani palikuwa na mvuke wa mkaratusi unatoka kama nyumba inapumua. Nilimwona Baba amelazwa kifudifudi, uso umegeukia ukuta, mikono imepanda kichwani. Kwetu mtu halazwi hivyo. Na kando yake yule mwanamke mwenye mdomo mweusi, ameinama, anamhesabia pumzi zake kwa sauti. Baba akichoka anageuzwa ubavu, kisha anarudishwa kifudifudi. Nguo zake zilichemshwa. Wageni walizuiwa, hata mzee wa kanisa.

Watu walianza kujaa kwenye uzio, maana maneno ya bombani kule Njombe yalikuwa yameshapanda malori yakafika Makambako. Hawakuja kumjulia hali Baba, walikuja kumtazama Shangazi. "Mtu mzima analazwa tumbo chini!" "Anamficha." "Anamhesabia nini?" Mama mmoja alitoa khanga akajifunika mdomo, si kwa ajili ya ugonjwa. Mwanamume mmoja akasema, bila hasira kabisa, "Mwacheni amalize kazi yake." Mpaka leo maneno hayo nayakumbuka. Ilikuwa mchana kweupe, jua linawaka, malori yanapita, na watu wanaongea kama wanaongelea bei ya mahindi.

Nilivumilia mpaka nikashindwa. Kuna mchana Mama Zawadi aliingia kupika, nikaenda mbio mpaka dirishani, nikashika nondo. "Shangazi," nikasema, "mpe mkono."

Akageuka. Barakoa ilikuwa imelowa. Hakuwa na glovu. Alikuwa ameushika mkono wa Baba kwa mikono yake yote miwili, mitupu, ameutumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, anamsugua grisi kwenye kucha. Taratibu, kidole kwa kidole, na katikati ya vidole. "Nimempa," akasema. "Toka dirishani, mwanangu. Nimeshampa."

Nilikwenda kukaa kando ya karo la kufulia nikalia kwa furaha. Nilijua amepona.

Na kweli akapona. Haikuwa siku ile wala iliyofuata, lakini asubuhi moja tulimsikia anaomba chai ya tangawizi na kulalamika kwamba sukari ni ndogo. Mama Zawadi alipiga vigelegele. Ng'ambo ya barabara watu walitazamana. Hakuna aliyeshangilia. Nilimsikia yule yule wa uzioni akisema neno moja, na wengine wakalipokea, likaenda mpaka maegesho, likaenda sokoni, likarudi: "Amemwachia."

Ndivyo hesabu yao ilivyokamilika. Alimshika, akaja mwenyewe, akafanya mambo yake, akamwachia kwa sababu ni damu yake. Angekufa, Shangazi angekuwa mchawi. Amepona, basi ndiyo ushahidi. Nami nilikubali moja kwa moja, kwa njia yangu ya kitoto: alimnyima mkono akaugua, akampa akapona. Miaka ikapita kabla sijaelewa kwamba Shangazi alifanya mambo mawili tu katika habari hii yote, aliogopa, na aliingia.

Shangazi alirudi Njombe juu ya Fuso jingine. Wenzake Baba wakavuka barabara, mmoja mmoja, na vicheko vyao na mikono yao. Baba aliipokea yote. Walikaa naye kibarazani, wakaongea, na wakati mwingine wakaongea kwa sauti ya chini. Sikusikia walichomwambia. Nilimwona tu anatikisa kichwa, siku ya kwanza anakataa, siku nyingine hakatai, anatazama chini. Nimeshasema, Baba alikuwa mtu wa watu.

Shule zilifunguliwa, Mama akarudi, na mdogo wangu akabatizwa. Shangazi alikuja, na kikombe chake, na barakoa yake, wakati ambapo hakuna mtu mwingine Makambako aliyekuwa bado anavaa. Alitoka kanisani, na watu waliokuwa uwanjani wakampisha. Njia ikafunguka yenyewe. Mama Zawadi akajifanya anamfunga mtoto viatu. Mwisho wa hiyo njia alikuwa amesimama Baba, aliyekuwa anapeana mikono na kila kiumbe tangu asubuhi.

Alimwona dada yake anakuja. Akaweka mikono nyuma.

"Shikamoo, dada," akasema, na akarudi hatua moja.

Shangazi alisimama. Aliitazama ile mikono iliyofichwa, akaitazama ile hatua. Na hapo, mbele ya uwanja mzima, alishusha barakoa yake mpaka kidevuni na akacheka. Alicheka meno yote yakaonekana, ana mwanya, kumbe, mwanya kama wa Baba. "Lameki!" akasema. "Jamani, Lameki! Umejifunza! Mdogo wangu mbishi, hatimaye umejifunza!"

Baba alitabasamu akitazama viatu vyake. "Nimejifunza, dada."

Nilikuwa katikati yao, nimembeba kichanga, na nilijua kwa nini mikono ile iko nyuma. Nilijua kwa sababu ya kijasho cha woga kilichokuwa juu ya mdomo wa Baba. Shangazi hakukiona. Alikuwa na furaha mno.

Hawajashikana mikono tangu siku hiyo. Shangazi anamsifia kwa kila mteja anayekuja kupima nguo, kwamba ugonjwa ule ulikuwa mbaya lakini walau ulimpa mdogo wake akili. Kila akinipigia simu, akishauliza kama nakula na kama mlango wa chumba changu unafungika vizuri, huniuliza, "Na baba yako je, bado ni mwangalifu?" Nami humjibu, "Ndiyo, Shangazi. Ni mwangalifu sana."